Nilivyonyamaza puto likiwa ndani ya moyo wa Mwanaesha

Wakuu, asalaam aleikum. Wasio Waislamu, heri ya huko mliko.

Hili si la kusimuliwa, limenikuta mwenyewe. Nimebadilisha majina tu. Hospitali na nchi mtaniachia.

Mimi ni daktari wa moyo. Kwetu ni Ngumi, visiwa vya Wabajuni. Kwa wasiopajua: unafika Kismayo, unapanda boti kuelekea kusini, na simu ikianza kukosa network ujue unakaribia.

Nilipata fellowship ng'ambo, mafunzo ya kurekebisha valvu za moyo bila kupasua kifua. Unaingia kwa mshipa wa pajani, unapeleka mrija mwembamba mpaka ndani ya moyo, na kazi yote inafanyika humo huku unatazama kwenye screen.

Chumba kina baridi, taa zimepunguzwa, kimya. Kivuli cha moyo wa mtu kinacheza mbele yako, kinapanuka na kusinyaa, polepole.

Siku ya kwanza nilisahau nipo wapi. Niliona maji ya kwetu asubuhi, yale yanayokuonyesha kivuli cha kasa mchangani kabla hujamwona kasa mwenyewe.

Hapa nipotee njia kidogo, maana bila hili hamtanielewa.

Babu yangu, Mzee Shee, alikuwa mtu wa kasa. Kwetu kasa hatumfukuzi. Tunamtumia taza, yule samaki mwenye kinata kichwani. Unamfunga mshipi mkiani, unamwachia. Akimwona kasa anakwenda kumgandia mgongoni, nawe unavuta taratibu.

Kazi yote iko vidoleni. Taza akigandia mwamba, mshipi unakaza na kufa. Akigandia kasa, mshipi unakaza lakini unauhisi uko hai, unakwenda na kurudi.

Na mshipi ukiwa majini hakuna kusema, Ngumi nzima inalijua hilo tangu utoto. Hata kukohoa unameza. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuuliza swali, Babu akanitazama tu. Nilikuja kujibiwa pwani, jioni.

Sasa turudi hospitali.

Profesa wetu alikuwa na sharti moja: anayeshika mrija aseme kwa sauti kila anachohisi. Huru, mzito, umekwama, sema. Mimi nilikuwa sisemi. Vidole vikishaanza kusikiliza, mdomo unajifunga wenyewe.

Aliniambia mara nyingi, "Daktari, mkono wako mzuri, lakini mimi siusikii." Nikawa naitikia ndiyo, kesho yake yale yale. Nilijiona fundi, wakuu, nisiwafiche.

Mwezi wa nane wa mafunzo akaletwa mgonjwa kutoka kwetu. Mwanaesha, wa Ngumi hasa, umri kama miaka thelathini. Homa ya utotoni, ile inayoanza na koo ikaishia kwenye viungo, ilimwachia valvu yenye makovu, imeshikana, haifunguki vizuri. Kutoka kisimani hadi nyumbani alikuwa akipumzika mara tatu. Mimba ya kwanza ilitoka na nusura iondoke naye. Alishaambiwa: valvu ifunguliwe, au asahau habari ya mtoto.

Nilipokwenda kumwona wodini alinikazia macho.

"Wewe ndiwe mjukuu wa Shee, yule mchu wa kasa?"

"Ndimi."

"Basi siogopi."

Nilitoka pale nimevimba kichwa.

Kazi yenyewe hufanywa mgonjwa akiwa macho, ganzi ni ya pajani tu. Mimi nikashika mrija wenye puto nchani. Profesa akashika bomba la kulijaza. Ukishavuka valvu unausogeza mrija mbele na nyuma, kuhakikisha uko huru. Ukiwa umenasa kwenye zile nyuzi ndogo zinazoishikilia valvu, halafu ukajaza puto, unazikata. Valvu inavuja vibaya, na mgonjwa anakimbizwa kupasuliwa kifua.

Nikavuka. Picha ilikuwa safi kabisa. Nikasogeza, na vidole vikaniambia: mwamba.

Umekaza na umekufa.

Wakuu, nilijua. Na nilinyamaza.

Sina maelezo mengine. Sikuwa mwenye shaka, sikuwa mwoga. Nilikuwa na miaka tisa tena, mshipi uko majini, Babu yuko nyuma yangu.

"Uko huru?" Profesa akauliza.

Kimya.

Aliitazama picha, akaiona nzuri. Alishazoea kimya changu, akadhani ni kile cha siku zote. Akaanza kusukuma bomba.

Nikainua macho, yakakutana na ya Mwanaesha. Alikuwa ameng'ata mdomo, mkono umeshika shuka mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Anaumia, ananitazama mikono, na hatoi hata sauti.

Nikapiga ukelele. "Simamisha! Umekwama!"

Nesi mmoja aliangusha trei. Profesa akavuta bomba palepale, puto likanywea. Tukarudi nyuma, tukatafuta njia upya. Safari hii mrija ulikwenda na kurudi, uko hai. Nikasema kwa sauti, "Huru." Nikarudia, "Huru, Profesa." Puto likajaa, likabana katikati, likafunguka. Presha upande wa kushoto ikashuka tunaiona.

Mwanaesha akavuta pumzi ndefu. Nadhani hakuwahi kuvuta nyingine kama ile tangu utoto.

Kisha akaninong'oneza:

"Kaka, sasa naweza kunena?"

Nilikwenda chooni nikalia. Kumbe maumivu yalianza tangu mrija uliponasa. Mgonjwa mwingine yeyote angepiga kelele nasi tungesimama. Yeye aliniona mjukuu wa Shee, nimeshika mshipi, akafanya alivyofunzwa. Na mimi niliyejua desturi ile kuliko wote mle ndani sikumwambia kwamba pale ni ruhusa kusema.

Nilimweleza Profesa yote, nikisubiri kufukuzwa. Badala yake akataka nimwambie zaidi kuhusu taza.

Siku hizi, kabla sijagusa mshipa wa mtu, namwinamia: "Ukihisi chochote, sema. Piga kelele ukitaka." Na mimi nasema, mpaka manesi wananitania kuwa nimekuwa redio.

Mkono niliachiwa na Babu, siuachi. Kimya chake nimekiacha baharini.

Juzi Mwanaesha alipanda boti hadi Kismayo, akanitumia voice note. Habari za kisima, za shemeji yake, za mbuzi aliyekula msala wa kuswalia, na kwamba mimba imepita mwezi wa tano na mtoto anacheza tumboni. Dakika sita, wakuu, anasema tu, hapumziki hata mara moja.

Nimeisikiliza hata sijui mara ngapi.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine alilelewa kunyamaza, na kulimgharimu wapi? Wenye kunisema nao waje, nimestahili.