Mpaka Tulioung'oa Bondeni

Bonde letu lilikuwa chini ya Kyambogo, upande wa Nakawa, na ukilitazama kutoka barabarani ungesema halina mtu: ndizi juu, kahawa katikati, magimbi chini, kisha mafunjo ya kinamasi. Sisi tulikuwa watu wa kaskazini, familia ya polisi. Bibi kizee wa Kiganda, ambaye sote tulimwita Jjajja kama wajukuu zake, alimwazima mama kipande cha shamba lake alime ulezi. Kiswahili alikichukia, akikiita lugha ya bunduki, lakini yeye na mama hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana.

Mwaka ule, wakati wa utawala wa wanajeshi, baba alikwenda kazini asubuhi, hakurudi. Hakuna aliyetuambia alikopelekwa. Tuliambiwa tu tuhame kota za polisi kabla ya mwezi kuisha. Kwetu kaskazini nako wanajeshi walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, hakurudiki. Mama hakulia mbele yetu. Alibeba jembe akaenda shambani, na mimi, msichana wa miaka tisa, nikamfuata.

Alilima kwa hasira. Kwao shamba la ulezi husafishwa hadi ubaki udongo mtupu, basi alipokuta mstari wa mimea ya majani marefu upande wa chini wa ulezi wake, aliing'oa yote, hata iliyoendelea nje ya kipande chetu. Mimi niliiburuta hadi kwenye mafunjo, nikijiona mchapakazi kwelikweli.

Jjajja alikuja, akaona mashimo, akashika kichwa.

"Mwana wange, hii si majani. Hii luwaanyi. Hii ndio mpaka yangu!"

Mama alipiga magoti. Siku hizo mwenye sare akilitamani shamba lako alilichukua, na Jjajja hakuwa na karatasi wala mtu wa kumsemea. Alikuwa na mstari ule tu.

"Jjajja, mimi sikujua," mama alisema, na hapo ndipo akalia, kilio cha siku zote zile. Nilijua tumekwisha. Nyumba tulikuwa tunaipoteza, na sasa hata shambani tungefukuzwa, kwa kosa la mikono yetu wenyewe.

Jjajja alimwacha alie mpaka akanyamaza, kisha akanituma mafunjoni niirudishe mimea. Ni sugu, alisema, ukiichomeka tu inashika.

Tulipanda mchana kutwa. Yeye alitangulia akionyesha kwa fimbo, mama akachimba, mimi nikashindilia udongo kwa kisigino. Kila mahali alipofika alitaja jirani wa zamani. Hapa alilima shemeji yake, mchoyo wa magimbi. Hapa alikaa Mnyarwanda wa ng'ombe, aliyemletea maziwa alipofiwa na mtoto. Pale juu Mhindi wa kinu cha kahawa, aliyeondoka na sanduku moja akamwachia paka wake. Alicheka, akafuta macho, akaendelea. Nilianza kuwapenda watu nisiowahi kuwaona.

Tulipofika kwenye ulezi wetu, mashimo ya mstari wa zamani yalipita upande wake wa chini. Jjajja hakuyafuata. Alipinda, akapanda na kilima hadi juu ya ulezi, akachomeka fimbo.

Mama alidhani amekosea. "Jjajja, mpaka ilikuwa huku chini."

"Shamba yangu, mimi nasahau?" Alimtazama kwa ukali wake wa kila siku. "Mimi naisha hapa. Hiyo ya chini ni yako. Jenga nyumba."