Kisu Kilichoachwa Wazi

Fundi Springi alikuwa na jibu moja kwa kila aliyempa pole kwa sababu ya mkono wake wa kushoto uliopooza: "Umelala tu huu. Ukichoka kulala utaamka." Alianza kusema hivyo siku aliyotoka hospitali na kiharusi chake, na akaendelea hata pale daktari mwenyewe alipoacha kuuliza habari za mkono huo. Ubishi alizaliwa nao. Mkewe alikuwa akisema mumewe anaweza kubishana na mlango mpaka mlango uombe radhi.

Jina la Springi alipewa na wateja, maana kazi yake ilikuwa kufufua makochi. Unampelekea kochi limelalia upande, ukikaa unazama mpaka magoti yanakugusa kidevu. Yeye analivua kitambaa, anang'oa misumari na sponji lililooza, anafunga springi upya kwa kamba ya katani, na anakurudishia kitu cha kumkalisha mkweo bila aibu. Katika kazi hiyo yote, chombo alichokipenda kuliko nyundo, kuliko mkasi, kuliko hata redio yake, kilikuwa kisu cha kukunja cha mpini wa pembe. Alikibeba mfukoni tangu alipokuwa kijana anayejifunza kazi. Kwa kisu hicho alikata kamba, alifumua mishono, alichonga penseli, alimenya machungwa, na siku moja, asikwambie mtu, alimnyoa bwana mmoja ndevu zilizonasa kwenye gundi.

Sasa kisu chenyewe kilikuwa cha kizamani. Hakikufunguka mpaka ushike mpini kwa mkono mmoja, utie ukucha wa mkono wa pili kwenye kijiufa kilichochongwa kwenye bapa, halafu uvute kwelikweli. Mwenye mikono miwili hufanya hivyo huku akipiga soga. Mwenye mkono mmoja anabaki kukitazama tu.

Baada ya kiharusi Fundi alijaribu kukifungua kwa meno. Mkewe akamkuta amekiuma, mishipa ya shingo imemsimama, akampokonya.

"We mzee una wazimu? Mkono umelala, sasa unataka na mdomo nao ulale?"

Akakifungua yeye, akafuta bapa kwa upindo wa gauni lake, akamrudishia mpini ukiwa mbele. "Haya, bwana mkubwa. Nenda kachinje makochi."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi, chai ikishamiminwa, Fundi alikisukuma kisu juu ya meza kumwelekea mkewe, na mkewe alikifungua, akakifuta, akamtupia neno lake lile lile la kuchinja makochi. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, kwa hiyo Fundi aliingia kazini nacho kikiwa wazi. Jioni alikifunga mwenyewe kwa kukibana kwenye paja. Akihitaji kukifungua tena, anaita, "Mkuu!" na mkewe anakuja huku anamsema. Wateja waliona mchezo wa mke na mume, wakacheka. Fundi naye alicheka, maana ilikuwa rahisi kucheka kuliko kukiri kwamba bila mwanamke yule hana kazi. Asante hakuwahi kumwambia. Alidhani inajulikana.

Asubuhi ile mkewe alikifungua kisu kama kawaida. Alikuwa ametoka kujipaka mafuta, na mikono yake bado ilikuwa inang'aa. Hakukifuta safari hii. Alikiweka mezani, akasema, "Kifua kinanibana kidogo. Ngoja nijinyooshe, chai yako usiiache ipoe."

Chai ilipoa. Jirani alileta gari, wakambeba, Fundi akishika upande mmoja kwa mkono wake mmoja. Hawakuwa wamefika mbali alipomwita, "Mkuu," na Mkuu hakuitika. Alimwita njia nzima. Yule jirani anayeendesha alikuwa analia, na Fundi akamkaripia atazame barabara.

Waliporudi nyumbani kisu kilikuwa pale pale mezani, wazi, karibu na kikombe. Fundi alikiinua kwa ncha za vidole, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye bapa palikuwa na alama ya kidole gumba cha mkewe, ya mafuta, mistari yake yote ikionekana. Alisimama pale mpaka miguu ikamuuma. Kisha, kabla watu wa msiba hawajajaa, akakipandisha juu ya kabati la vyombo, kikiwa wazi vile vile, nyuma ya birika lisilotumika. Hakumwambia mtu. Angesemaje? Mzee mzima, anaficha kisu kwa sababu ya alama ya mafuta!

Msiba ukaisha, watu wakarudi makwao. Alibaki binti yao, mtoto wao wa pekee, aliyeomba ruhusa kazini ili akae na baba yake kidogo. Na maisha hayana adabu, yanaendelea. Mteja mmoja akatuma salamu kuuliza kochi lake. Fundi akaingia karakana, akaketi mbele ya kochi lililovuliwa nusu, akapapasa mfukoni. Mfuko mtupu.

Kisu cha juu ya kabati kilikuwa wazi, tayari kwa kazi. Lakini akikata kamba moja tu, alama imefutika. Na jioni akikifunga, nani atakuja kukifungua? Mkono uliokifungua mara ya mwisho hauko tena duniani. Kikikaa wazi, kazi yake ya mwisho bado ipo. Ndivyo alivyoona, na wewe mwite mtoto ukitaka. Akaamua kutafuta kisu kingine cha kubeba mfukoni, chenye kufunguka kwa mkono mmoja, ili kile cha kwanza kisiguswe kamwe.

"Natoka kidogo," alimwambia binti yake.

"Nikusindikize, baba?"

"Kwani nimesahau njia?"

Duka la vyuma lilikuwa mwisho wa mtaa, na mwenye duka walimwita Mama Bawaba, mwanamke mnene, mchangamfu, mdomo haupoi.

"Shikamoo, Fundi. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Nionyeshe visu vya kukunja."

Mama Bawaba akamwaga trei nzima juu ya kaunta. "Hiki hapa, Fundi, ndicho habari ya mjini. Kina msumeno, kina bisibisi, kina kifungua chupa, kina mkasi, tazama, hadi kijiti cha kuchokolea meno!"

"Nataka kisu, mama. Sitaki kubeba karakana mfukoni."

"Haya, na hiki je? Chembamba, chepesi, hata hujui kama umekibeba." Akakifungua kwa mikono yake miwili, haraka, akampa.

Fundi alikipokea kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, ndiko alikoufungia tangu atoke nyumbani. Alikifunga kisu pajani, akajaribu kukifungua kwa gumba. Gumba likateleza. Akajaribu tena, kikamponyoka, kikaanguka sakafuni.

"Tumia ule mkono mwingine, Fundi, ndiyo rahisi," alisema Mama Bawaba, akiinama kukiokota. Hakuwa na ubaya wowote, aliongea tu.

Uso ulimchoma Fundi. Kisha akauchukua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akautoa mfukoni, akauweka juu ya kaunta katikati ya visu vyote vile. Vidole vilikuwa vimejikunja.

"Huu umekufa," alisema. "Nimekuwa nikisema umelala. Umekufa. Nitafutie cha mkono mmoja."

Mama Bawaba akavuta droo ya chini, akatoa visu vingine, akavipanga taratibu, na safari hii hakusifia hata kimoja. Wakaanza kuvijaribu pamoja. Kimoja kilifunguka vizuri lakini hakikuwa na kizuizi, ukikibonyeza kinajifunga na kukung'ata vidole. Kingine kilikuwa na kitufe. Ukikigusa kinaruka wazi chenyewe, na Fundi akakirudisha upesi, akasema hicho siku moja kitamtahiri mfukoni. Mama Bawaba akacheka, akajiziba mdomo, akakumbuka msiba. Fundi naye kidogo acheke.

Kilichomfaa kilikuwa cheusi, kifupi, hakina urembo. Karibu na mgongo wa bapa palitokeza chuma kidogo kama chunusi. Unasukuma chunusi kwa gumba, bapa linazunguka, ulimi wa chuma ndani ya mpini unalizuia lisirudi. Ta! Kukifunga, unausogeza ulimi kando kwa gumba hilo hilo, halafu unalisukuma bapa pajani. Alikifungua na kukifunga, akarudia tena na tena. Kitu hiki kilikuwepo madukani muda wote, aliwaza. Angeweza kukinunua zamani, na wala asimsumbue mtu. Lakini akajua papo hapo kwamba asingekinunua kamwe, maana asubuhi zake zilikuwa ndani ya usumbufu ule.

Alirudi nyumbani akiwa na afadhali kidogo ambayo hakuwa nayo tangu msiba. Kisu kipya mfukoni, cha zamani salama juu ya kabati. Alikuta nyumba inanukia sabuni. Binti yake alikuwa amekunja mikono ya blauzi, jasho linamtiririka, vyombo vyote vimetolewa kabatini, vimeoshwa, vinang'aa mezani. Lile birika lisilotumika lilikuwa limesuguliwa masizi yote mpaka likawa kama jipya.

"Naondoka kesho, baba. Nikaona nikuachie nyumba safi."

Fundi alitazama juu ya kabati. Palikuwa peupe.

"Kisu kiko wapi?"

"Kile chako? Hiki hapa." Akakitoa kwenye droo. "Yaani baba, unaacha kisu wazi huko juu! Ningejikata mkono. Kilikuwa na mafuta mafuta na vumbi, nikakiosha, nikakisugua, nikakifunga."

Akamkabidhi. Kilikuwa kimefungwa, kisafi, bado cha moto kwa maji ya kuoshea.

"Umefanya vizuri, mama," alisema Fundi, akakaa kwenye kiti. Binti alikuwa amegeuka kuendelea na vyombo. Aliposikia sauti ambayo hajawahi kuisikia maishani mwake, aligeuka, akaona baba yake amekibana kisu kifuani na analia kwa sauti, mdomo wazi.

"Baba! Nimefanya nini? Baba?"

Ilimchukua muda kusema. Akamweleza yote: meza, chai, ukucha, upindo wa gauni, kuchinja makochi, na kile kidole gumba cha mafuta. Binti akateremka chini sakafuni, akakumbatia magoti ya baba yake.

"Mbona hukuniambia? Baba, mbona hukuniambia? Nimemfuta mama. Nimemfuta kwa mikono yangu mwenyewe."

"Ungejuaje? Mimi ndiye niliyenyamaza. Nilimnyamazia yeye, nikakunyamazia na wewe."

Walilia wote wawili, sakafu ikiwa bado mbichi, mpaka wakachoka.

Asubuhi yake begi la binti lilikuwa mlangoni. Akamimina chai. Fundi, mawazo yakiwa kwingine, akatoa kisu cha mpini wa pembe, akakisukuma juu ya meza kama alivyozoea. Kikasimama mbele ya kiti ambacho sasa alikalia binti yake. Binti akakitazama. Akakishika, akaweka ukucha wake kwenye kijiufa, na ukucha ule ulikuwa mpana, umekatwa mfupi, sawasawa na wa mama yake.

"Nikufungulie, baba?"

Alitamani kusema ndiyo. Kwa hakika neno lilishafika mdomoni. Akanyoosha mkono wake mmoja, akaufunika mkono wa binti yake pamoja na kisu.

"Acha, mama. Hicho kina mtu wake wa kukifungua." Kisha akasema lile ambalo hakuwahi kulisema katika nyumba ile, na alilisema akitazama meza. "Asante."

Binti hakuuliza anaambiwa nani. Akakiachia kisu.

Siku hizi Fundi Springi anabeba visu viwili. Cheusi kiko mfuko wa kulia. Cha mpini wa pembe kiko mfuko wa kushoto wa koti, kimefungwa, na ule mkono uliokufa unakaa humo humo pamoja nacho. Wateja wakimwona anahangaika na kamba nene, cheusi kinateleza, humuuliza kwa nini asitumie kile cha zamani.

"Hicho hakifunguki," huwajibu, na kuendelea kukata.