Katuni Zilizobaki Kwenye Simu ya Mdogo Wangu

Kuna miaka ambayo mtaani kwetu Tabora ungekutana na watoto wanatembea na kandambili moja. Mgeni angedhani ni umaskini. Umaskini ulikuwepo, lakini sababu ilikuwa mimi. Nilikuwa na magazeti ya katuni, na aliyetaka kuazima aliniachia kandambili yake moja mpaka arudishe. Pesa sikuzitaka, kwa sababu mtu akishatoa pesa anajiona amelinunua gazeti. Mguu unaoungua mchangani haumruhusu kusahau. Mama alilalamika kwamba nimemgeuzia ukumbi kuwa duka la viatu vya upande mmoja, ila magazeti yangu yalirudi yote.

Yalikuja kwa treni kutoka Dar. Treni ikikwama Tura au Kigwa, na hadithi ilikwama hukohuko. Mdogo wangu, niliyempita miaka tisa, alikuwa akinifuata stesheni akikimbia nyuma yangu, na siku moja tulipoambiwa treni haijafika aliniuliza, "Kaka, kwa hiyo yule jamaa tuliyemwacha kisimani yuko Kigwa?" Nilimwambia ndiyo, yuko Kigwa, amelala kwenye behewa. Aliridhika. Alirudi nyumbani akamweleza mama kwamba jamaa hajambo.

Toleo likitupita tulilijua pengo lake kama mtu anavyojua jino lililong'oka. Kuna moja tulilikosa, na baada ya muda mrefu nikanunua karanga karibu na stesheni nikakuta zimefungwa kwenye ukurasa wake. Tulirudi kwa yule mama muuza karanga tukanunua tena, na tena, tukichagua vifungashio badala ya karanga, hadi akatuuliza kama kwetu kuna harusi. Tulipata kurasa nane, nyingine zina mafuta, na mdogo wangu aliharisha siku mbili kwa karanga.

Nilipokuwa fundi cherehani, kazi ya kwanza niliyoifanya kwa ajili yangu mwenyewe haikuwa shati. Niliyashona yale magazeti kumi kumi kwa uzi mnene, nikayavalisha majalada ya karatasi za mifuko ya saruji, nikamwomba seremala jirani anitengenezee sanduku la mbao. Wenzangu walikuwa wanajenga vibanda vya kupangisha. Mimi nilikuwa na sanduku, na nilitembea mjini kifua mbele.

Kisha magazeti yakaanza kufa. Hakuna aliyetangaza msiba. Moja lilichelewa wiki, likachelewa mwezi, halafu likawa halipo. Muuzaji wa stesheni akapanga vocha za simu pale yalipokuwa yanakaa, na nilipomuuliza alinitazama kama ninamwulizia marehemu. Niliendelea kwenda. Nilikuwa na hasira na kila mtu: wachoraji, treni, watu waliokuwa wanasimama pale pale kukwangua vocha zao wakicheka.

Mdogo wangu yeye hakukasirika. Alikuwa ameshakuwa fundi simu, ana meza yake pembeni ya soko, na alikuwa na simu ya tachi wakati mimi nina kitochi chenye vitufe vilivyofutika. Akagundua kwamba wachoraji wenyewe wamehamia humo. Unaingia kwenye kundi, unalipa kwa simu, unatumiwa hadithi nzima kabla chai haijapoa. Alikuja kunionesha akiwa na furaha ya mtu aliyepata kazi serikalini.

"Kaka, humu hakuna treni," aliniambia. "Hakuna cha Kigwa wala Tura."

"Na ukimaliza kusoma unampa nani?"

"Nimpe nani tena? Kila mtu si ana simu yake."

Hapo ndipo tulipoachana njia, ingawa tuliendelea kula sahani moja kwa mama kila Ijumaa. Nilimchunguza. Alisoma akiwa amesimama, akiwa anatembea, akiwa chooni. Alipakua hadithi ambazo hajawahi kuzifungua. Ukimuuliza ana ngapi hajui, ukimuuliza anakosa ipi haelewi swali. Mimi nilikuwa na sanduku moja na ningeweza kukuambia kila ukurasa uliochanika na nani aliuchana. Yeye alikuwa na ghala mfukoni, na barazani petu palikuwa kimya. Nilimwonea wivu, nikamdharau, na zaidi ya yote nilimkumbuka, mtu anayekaa mtaa wa pili.

Kilichomrudisha ni mchwa. Msimu mmoja wa mvua nilifungua sanduku nikakuta jalada la chini limekuwa udongo. Ukilishika linamwagika. Walikuwa wamepanda kutoka sakafuni, wakatoboa mbao kwa ndani bila kuacha alama nje, wakala matoleo kumi na uzi wake. Nilikaa chini nikaanza kuuchekecha ule udongo kwa vidole, nikitafuta kurasa. Mama alipoona hali yangu alimtuma mtu amwite mdogo wangu.

Alikuja, akatazama, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Akasema, "Kaka, tuyapige picha. Yote. Mchwa hawali simu."

Nilikubali. Basi kila jioni akitoka mezani kwake tulikaa barazani. Mimi nilifungua ukurasa, nikaubana kwa rula ya chuma ninayokatia vitambaa, naye akapiga. Vidole vyangu vinaonekana pembeni mwa kila picha, vyeusi na vimechomwa sindano, na nilipotaka kuvitoa alinikataza, akisema ukurasa utajikunja. Hakuvumilia kupiga tu. Alianza kusoma kwa sauti, jambazi kwa sauti nzito, bibi kwa sauti ya puani, kama nilivyokuwa nikimsomea yeye akiwa mdogo. Mara nyingine alikosea kubonyeza, simu ikarekodi video, nasi hatujui mpaka tufike mwisho wa ukurasa. Nilimwambia azifute zile video. Akasema nafasi ipo.

Tulimaliza msimu mzima wa mvua hivyo. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tangu niwe mtu mzima, na ninalisema hilo nikiwa na mke na watoto ninaowapenda.

Na ni furaha hiyohiyo iliyoharibu mambo. Alipoona picha zimekwisha, akataka kunifanyia jambo la mwisho. Siku niliyokwenda Nzega kupeleka sare za shule, alichukua oili chafu kwa mafundi wa pikipiki, ile tunayopaka nguzo na papi za paa huku kwetu ili mchwa wasisogee, akalipaka lile sanduku. Nje na ndani. Alipaka kwa upendo, mara tatu, mpaka mbao ziliposhiba. Kisha akapanga majalada yangu humo, akafunika, akaniwekea na kipande cha bati chini ya miguu ya sanduku.

Karatasi hunywa oili. Nilidhani amepaka nje tu, na nilipofungua baada ya wiki tatu kurasa zilikuwa zimekuwa kama vioo vichafu. Upande wa mbele na wa nyuma zilionekana pamoja, sura juu ya sura, maneno juu ya maneno, jambazi ana miguu ya bibi. Hakuna ukurasa uliosomeka. Harufu ya gereji ilijaa chumbani.

Nilimwita. Alitazama, akaweka mkono mdomoni.

"Kaka, nisamehe. Ila si unazo? Zote ziko humu."

"Hiyo ni simu yako. Mimi nina nini?"

"Kuna tableti naitengeneza, imebaki kioo tu. Nakuwekea zote humo, na zile video. Nikitoka mnadani Puge nakuja nayo."

Nilimwambia aje nayo au asije. Ndivyo ninavyoongea nikiwa na hasira, alinizoea. Alicheka, akasema, "Haya mzee wa kandambili," akaondoka.

Alikwenda Puge siku ya mnada, kama alivyokwenda kila wiki, kuwatengenezea simu wakulima na wafugaji wanaokuja na ng'ombe. Wakati wa kurudi bodaboda aliyopanda iligongana na lori. Dereva wa bodaboda alifia barabarani. Mdogo wangu alifia hospitali kabla mimi sijafika. Tableti haikuwa kwenye begi. Tuliikuta baadaye mezani kwake, imefunguliwa, bila kioo, na ndani hakuna kitu.

Muuguzi alinikabidhi vitu vyake kwenye mfuko wa nailoni: pochi, bisibisi ndogo tatu, na simu. Simu ilikuwa na ufa mmoja tu. Ilikuwa bado inawaka.

Asubuhi ya mazishi nyumba ilijaa. Wanawake walikuwa ndani na mama, wanaume nje kwenye mikeka. Fundi mwenzake, aliyekuwa anashirikiana naye meza, alinipa mkono wa pole kisha hakuuachia. Akanivuta pembeni ya ukuta.

"Kaka, pole sana. Samahani kukuambia leo. Simu yake unayo?"

Nilimwonesha.

"Hii ina alama ya kidole na mchoro wa kufungulia. Mchoro anaujua mwenyewe. Mimi naweza kuiflashi, itafunguka, ila vyote vinafutika. Picha, video, vyote." Akatazama chini. "Chaji imebaki kidogo. Ikizima, ikiwaka tena itataka mchoro, kidole haitakubali. Na kidole... kaka, bado hajazikwa."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilimshukuru.

Sanda nilikata mwenyewe. Nimekata vitambaa vya mtaa mzima, sikuona kwa nini huyu nimwachie mwingine, na sikuhitaji kumpima. Kisha nikaingia kwenye chumba cha uani tulikomlaza, na simu ikiwa kwenye mfuko wa kanzu. Mwosha maiti wa mtaa wetu, mzee aliyemwosha baba na babu, alikuwa ameshatayarisha ndoo na majani ya mkunazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe utakuwa kulia kwake. Maji nitamimina mimi, wewe sugua taratibu."

Tukaanza. Uso wake ulikuwa mzima, umenuna kidogo, kama wa mtu aliyeamshwa mapema. Kifuani sikutazama zaidi ya nilivyolazimika. Nilipofika kwenye mkono wa kulia nikauona ni wa kifundi hasa, ncha za vidole zimekomaa kwa kuunguzwa na chuma cha kulehemu. Nilijiambia kwamba ni jambo dogo. Hataumia. Yeye mwenyewe angesema, kaka, chukua. Ndani ya ile simu mna sauti yake anasoma, na mikono yangu iko kando yake, na sina kwingine kokote ninakoweza kumsikia.

Mzee alipogeuka kuchota maji, nikaitoa. Nikamfuta kidole gumba kwa pindo la kanzu, nikakigusisha nyuma ya simu, kwenye kile kiduara cha kusoma alama ya kidole. Kidole kilikuwa kizito na baridi, hakikunisaidia. Simu ilitikisika kidogo kiganjani. Ikaandika kwa Kiswahili, maana yeye ndiye aliyeiwekea Kiswahili: haitambuliki, jaribu tena.

Nikajaribu cha shahada. Haitambuliki, jaribu tena.

Ndipo nikagundua kwamba sijui. Msimu mzima wa mvua nilikaa ubavuni mwa mtu huyu akifungua simu yake mbele ya macho yangu, labda mara mia kwa jioni moja, na sijui alitumia kidole gani. Sijui hata ni mkono gani. Nilikuwa natazama ukurasa. Nilikuwa nimeushika mkono wa ndugu yangu na mbele yangu kulikuwa na vidole vinane vilivyobaki, na nikajiona jinsi nitakavyovichukua kimoja kimoja, nikivikunja na kuvikunjua, mama yetu akiwa upande wa pili wa ukuta.

Mzee alikuwa amesimama na jagi. Sijui alisimama hapo kwa muda gani. Alitazama simu, akanitazama mimi.

"Maji yanapoa, mwanangu," alisema.

Nikabonyeza kitufe cha pembeni, nikakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi. Nikaiweka simu dirishani. Kisha nikauchukua mkono ule wa kulia, nikamwomba mzee amimine tena, na nikauosha upya kuanzia mwanzo.