Mchapaji Aliyeipima Kompyuta Yake Mwenyewe

Saa nne asubuhi, mchapaji yuko ukurasa wa sabini wa tasnifu ya mwalimu mmoja. Mama yake anaingia na kikombe cha chai, kama kila siku. "Asante, mama," anasema, vidole vikiendelea. Mara kikombe kinapinduka mkononi mwa mama, chai yote inaingia kwenye kibodi ya kompyuta mpakato. "Mkono umeteleza," mama anasema.

Anachomoa waya wa umeme, anabonyeza kitufe mpaka mashine inazima, kisha anaigeuza kifudifudi juu ya taulo.

"Hili ndilo jembe langu," anasema. Kwa miaka kumi na moja amechapa kazi za watu kwenye meza hii ya kulia, na kwa kazi hiyo anamtunza mama yake. Tasnifu inatakiwa Jumatatu. Nakala nyingine hana.

Fundi, alipopigiwa simu, hakutaka hata kuiona. "Chai ya sukari? Bodi imekwisha hiyo, dada." Akataja bei inayolingana na mapato ya mchapaji ya miezi miwili.

Kaka yake akaja na ushauri. "Izike kwenye mchele, utanyonya maji."

"Mchele uko wapi, kaka? Lete wewe, tukimaliza tuupike."

Mchapaji akaamua kuipima mwenyewe kabla ya kumlipa mtu. Akaifungua, akatoa betri, akafuta sukari kwa pamba na spiriti, akaiacha mbele ya feni siku mbili bila kuijaribu. Mama akawa anapita akinung'unika: "Kidude chenyewe kizee. Tafuta kazi ya maana."

Siku ya tatu akaiwasha. Kioo kikawaka, halafu herufi p zikaanza kujiandika zenyewe, mstari baada ya mstari.

"Ina mashetani!" kaka akaruka.

Yeye akaizima, akachomoa utepe unaoiunganisha kibodi ya ndani na mashine, akachomeka kibodi ya kuazima. Alipoiwasha tena, zile p hazikurudi. Tasnifu ilikuwapo, kurasa zote.

Kilichoharibika ni kibodi tu, na mpya ataipata kwa mapato ya siku tatu. Anapanga pia kuweka kila kazi kwenye flashi.

"Imepona?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Imepona, mama."

Mama akavuta kiti, akakaa.

"Siku ile mkono haukuteleza. Nilikuwa nakisogeza hicho kidude pembeni. Nilitaka uniangalie, mwanangu, tunywe chai wote wawili."