Betri Inayoisha Usiku

Nyumbani kwetu Gitting, kijiji cha mteremkoni, huwezi kuweka sufuria chini bila kuitafutia kijiwe cha kuizuia, kwa hiyo nilichelewa sana kukubali kwamba pikipiki yangu ina ugonjwa. Kila asubuhi nilibonyeza stata, ikatoa mlio wa kuku anayeatamia, kisha kimya. Nikaweka gia ya pili, nikaiachia iteremke na barabara, nami juu yake. Kabla ya kufika kanisani injini ilikuwa imeshawaka. Kiki ya kuwashia kwa mguu ilikatika zamani na sikuona haja ya kuitengeneza. Mtu akiniuliza, nilimjibu kwamba natumia nguvu za asili. Nililiona kuwa jibu la msomi.

Aliyeuvunja utaratibu huo ni mama yangu. Mdogo wake, aliyeolewa Masakta, alikuwa amevunjika mguu na kulala ndani tangu mavuno. Mama alitaka kumwona kabla ya mvua kubwa, maana mvua ikishaanza, tope la kule hujaza magurudumu na safari huwa ya kusubiri mpaka ardhi ikauke. Na mama hapandi bodaboda ya mtu baki. Anasema hawezi kumshika kiunoni mwanamume ambaye hajui ukoo wake.

"Nitakupeleka mama," nilimwambia.

"Kwa pikipiki ipi? Hiyo ya kusukumwa?"

"Inawaka ikishateremka."

"Na kwa mama yako mdogo kuna mteremko?"

Hakuna. Kwake ni tambarare. Ukimwaga maji yanabaki palepale yakifikiria pa kwenda.

"Mimi sipandi kitu kinachobembelezwa kama ng'ombe aliyegoma kulima," alisema. "Wewe unakimbia unasukuma, mimi nimekaa juu kama gunia la viazi! Watu wa Masakta watanisimulia mpaka nife." Akarudi kwenye vitunguu saumu vyake alivyokuwa anachambua. Lakini niliona anavichambua kwa hasira, na vile vizuri alikuwa anaviweka kando kwenye kikapu. Vya kumpelekea mdogo wake.

Nikamwita shemeji, kaka wa mke wangu, anayefundisha sayansi shule ya msingi na mwenye mita ya kupimia umeme. Nilikuwa tayari na nadharia. Nilikuwa nimesoma kwenye simu habari za rektifaya, kile kifaa kinachopeleka umeme wa injini kwenye betri, na nilishaamua kwamba yangu imekufa.

Shemeji alimsalimia mama shikamoo kwa adabu zote, kisha akanigeukia. "Daktari, mgonjwa yuko wapi?"

"Mimi si daktari. Tasnifu bado sijaimaliza."

"Mimi najua, na wewe unajua. Tatizo ni kijiji, hakijaambiwa."

Tuliiteremsha ikawaka, tukairudisha uani ikiwa inanguruma. Akagusisha nyaya za mita kwenye betri, akaniita nisome. Namba ilikuwa imevuka volti kumi na nne.

"Inachaji vizuri kabisa," alisema. "Rektifaya yako haina kosa. Iombe msamaha."

Tukaichaji betri ndani ya nyumba mpaka ikajaa. Jioni tukaifunga kwenye pikipiki, ila waya mmoja tukauacha umefunguliwa. Hoja ilikuwa rahisi: ikiamka imekufa, betri yenyewe ni mbovu; ikiamka hai, basi kuna kitu kinainywa. Huwa nailaza pikipiki sebuleni, kama watu wengi. Asubuhi nikarudisha waya, nikabonyeza, ikaunguruma palepale sebuleni, na mke wangu akanieleza anavyopenda moshi kwenye mapazia yake.

Kwa hiyo kulikuwa na mnywaji. Shemeji aliporudi baada ya vipindi, tulipitisha mita kati ya waya na betri, ufunguo ukiwa umetolewa, tukasubiri. Mita haikuonyesha kitu cha maana. Tukachomoa honi. Tukachomoa taa ya nyuma. Hakuna kilichobadilika.

"Mchana hainywi," alisema shemeji. "Betri yako ni mlevi wa usiku."

"Labda ni unyevu."

"Unyevu gani, sebuleni? Hebu tule kwanza."

Tulikula, na baada ya kula tukaendelea kubishana palepale mezani, yeye akitetea swichi ya breki, mimi nikirudi kwenye rektifaya kwa mlango wa nyuma. Muda huo kwa kawaida huwa nimejifungia chumbani nikiandika ile tasnifu, au nikijidai kuiandika. Mama akatoka chumbani kwake na simu yake, redio yake na taa yake ya kuchaji. Akapita katikati yetu, akainamia usukani wa pikipiki, akafunua kile kitundu cha kuchajia simu, akachomeka waya wenye vichwa vitatu. Kila kimoja akakipa kichwa chake. Akavipanga juu ya siti na kuvifunika kwa kitambaa.

"Mlale salama," alisema.

Kitundu kile nilikifungisha mwenyewe, na fundi nikamsisitizia akiunge moja kwa moja kwenye betri, ili niweze kuchaji simu shambani bila kuweka ufunguo. Mama huamka kukamua kabla yetu sote, na huondoa vitu vyake wakati huo.

"Mwambie," shemeji alininong'oneza.

"Mwambie wewe, ndiye mwalimu."

"Mimi nimekuja kupima betri. Sikuja kumpima mama wa mtu."

Nikajikaza. "Mama, mbona huchaji ukutani?"

"Huo wa ukutani mnanunua. Namwona mke wako anavyoingiza zile namba. Huu wa pikipiki unajitengeneza wenyewe, bure. Si ulinieleza wewe?"

Nilimweleza, kweli. Kwa kirefu, na mchoro nikamchorea.

"Unajitengeneza pikipiki ikiwa inawaka, mama. Ikizimwa, unatumia akiba."

"Hapo kwenye kuzimwa hukufika."

Shemeji alianza kukusanya vifaa vyake taratibu kuliko ilivyohitajika, mabega yakimtikisika.

Kesho yake tuliuhamisha waya wa kitundu ukapitia kwenye swichi ya ufunguo. Mama akahamia ukutani, ingawa hakuacha kumuuliza mke wangu kama umeme bado upo. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kukamua, alisimama mlangoni na ndoo yake na kuniamuru: "Bonyeza." Nilibonyeza, ikawaka. Siku moja hakuniambia nibonyeze. Alikuwa amevaa gauni la Jumapili na kikapu kiko mkononi.

Tulifika Masakta njia ikiwa bado kavu. Mama mdogo alikuwa kitandani karibu na mlango. "Shikamoo dada," alisema, na mama hakuitikia mpaka alipofunua blanketi, akaukagua mguu kuanzia goti hadi kidole cha mwisho. Ndipo akasema marahaba, akakaa kitandani pembeni yake, na wote wawili wakaanza kuongea kwa pamoja.

Mchana uliposogea, mawingu yalianza kukaa mlimani. Nikatoka, nikabonyeza stata ili mama asikie kwamba ni wakati wa kuondoka. Iliwaka mara moja, hapo kwenye tambarare.

"Zima hiyo!" alipiga kelele kutoka ndani. "Si inawaka yenyewe siku hizi? Basi hata jioni itawaka."

Nikaizima, nikaenda kutafuta pa kukaa.