Tairi za Nyuma za Bi Earline

Pikapu ya Earline Pettway haikujua kupumzika, kama mwenyewe. Kila Jumamosi ilivuta jiko la kuchomea mbavu za kuuza, zito kama ng'ombe aliyegoma, kutoka mjini Belzoni hadi kwenye uwanja wa mbio za magari. Chakula kikiisha, Earline hulifungua jiko kutoka kwenye gari, hunawa mafuta, huvua aproni, kisha huenda kupanga foleni na wanaume kushindana, magari mawili mawili, kwa pikapu ile ile.

Injini waliifunga wenyewe, yeye na mumewe Hosea, na nguvu ilikuwa nayo tele. Shida ilikuwa tairi za nyuma. Taa ikiwaka kijani, zilizunguka pale pale kama kuku anayeparura, huku washindani wa Earline wameshatokomea.

Lavoris Tubbs, fundi wa matrekta aliyekuwa akimshinda kila mara, hakumwacha apumue.

"Bi Earline, leo unachoma mbavu au unachoma tairi?"

"Kula kimya kimya, Lavoris. Mfupa usije ukakukwama."

Hosea alitaka wanunue tairi vipara, zile laini zisizo na mifereji, za magari ya mashindano.

"Zinanata kwenye lami kama gundi," alisema.

"Na mvua ikitukuta njiani, jiko liko nyuma? Tutalala mtaroni."

"Si tunazibeba tu, tunabadilisha tukifika? Wote wanafanya hivyo."

"Wafanye. Mimi ninachokuja nacho ndicho ninachokimbia nacho."

Basi akaanza kutafuta. Alizipapasa tairi za watu uwanjani, akazibonyeza mbavu, pale pembeni, kwa goti, akauliza bila haya. Jozi ya kwanza aliazima, akalivuta jiko nayo mtaani. Mpira ulikuwa mzuri, lakini mbavu zilikuwa tepetepe, na nyuma ya gari ikayumba kama bata. Akairudisha siku hiyo hiyo. Mwishowe akapata alizozitaka: mpira laini, mifereji ya kutosha kutoa maji, na mbavu ngumu za kubeba mzigo.

"Mbona nyembamba?" Hosea akanung'unika.

"Nataka zishike. Sikuzinunua zipigwe picha."

Jumamosi iliyofuata alipangwa kushindana na Lavoris. Alipunguza upepo wa tairi, akazizungusha kwenye maji zipate joto mpaka moshi ukamfunika, kisha akasogea mstarini. Taa ilipowaka, pikapu ilichuchumaa nyuma ikachomoka, na Earline akahisi kiti kikimsukuma mgongoni kwa namna ambayo hakuwahi kuihisi. Alipotazama pembeni, Lavoris hakuwepo. Alikuwa nyuma yake. Watu waliacha sahani zao wakapiga mayowe.

Raundi ya pili, tairi zilinata vile vile, ila safari hii ukasikika mlio kama wa tawi kavu linalovunjika. Gari likasimama. Ekseli, chuma kinachozungusha magurudumu ya nyuma, ilikuwa imekatika.

Hosea alikuja mbio, uso umemsawijika. Alimkuta mkewe amechutama kando ya gurudumu, anacheka mpaka machozi.

"Hosea! Hazikuteleza! Zimekataa kabisa kuteleza!"

"Mke wangu, tumevunja gari."

"Tumelivunja, ndiyo! Zamani tairi ziliteleza tu, halikuwa na cha kulivunja."

Lavoris ndiye aliyelivuta jiko hadi Belzoni kwa gari lake. Alipolifungua uani kwa Earline, alijikuna shingo.

"Nina ekseli nene ghalani kwangu. Nitaileta Jumanne."

"Unanisaidia ili nikushinde tena?"

"Nataka nijue kilichonishinda ni wewe au ni tairi."

Aliileta kweli. Wakaifunga wote watatu, na Earline akamlisha mpaka akafungua mkanda.

Hadi majira ya kupukutika majani Earline alikuwa amemshinda Lavoris mara nyingi kuliko alivyoshindwa. Tairi zenyewe ziliisha upesi, maana mpira laini hauna maisha marefu. Earline akanunua nyingine za aina ile ile, wala hakumuuliza mtu. Sasa vijana wa Belzoni wenye magari ya kasi huja uani kwake kuomba ushauri, naye, kabla hajajibu lolote, huinama kutazama tairi za nyuma, kisha ekseli.