Hakikisha Alivyolijaribu Wingu

Karani wetu tunamwita Hakikisha, na jina limemkaa. Akishafunga mlango wa ofisi hurudi kutikisa kitasa, akafika getini, akarudi tena. Mimi nakaa naye meza kwa meza, roho juu kutwa.

Juzi fundi alikuja kusawazisha kompyuta ya Hakikisha na hifadhi ya mtandaoni, ili ramani zetu za viwanja zisipotee. "Ukiona alama ya kijani, dada, ujue zimeshapanda kwenye wingu," alisema, akaenda zake.

Alama ikawa kijani. Hakikisha hakutulia. Akasimama, akakaa, akasimama tena. "Wingu gani hilo? Nitajuaje kama kweli zimo?" Kabla sijafungua mdomo, akafuta folda nzima kwenye kompyuta, kisha akashika simu azitazame huko juu.

Huko juu nako kweupe!

Nilimpigia fundi kwa hasira. "Jamani, kusawazisha ni huku na kule kuwa sawa," alisema. "Ukifuta huku, na kule zinafutika. Fungueni pipa la taka, mbonyeze 'rejesha'."

Tukabonyeza. Ramani zikarudi zote, nikashusha pumzi. Nilipogeuka, kidole cha Hakikisha kilikuwa tena juu ya 'futa'.

"We dada! Unafanya nini?"

"Tulia, mwenzangu. Nahakikisha tu kama hilo pipa hurudisha kila mara."